Matundu ya Benchi la Fundi Evarist

Pale Kamachumu, ukishaipita stendi na kuanza kushuka upande wa sokoni, kuna kibanda cha bati cha fundi seremala anayeitwa Evarist, na mbele ya kibanda kuna benchi. Lisemwe mapema kabisa: benchi hilo si la kukalia. Ni benchi la kazi, la kurandia mbao. Evarist alilitengeneza mwenyewe kwa mbao nene za mkaratusi, juu likanyooka, miguu ikasimama imara. Kasoro yake ni moja tu, halina pa kubania. Ukiweka ubao juu yake na kuanza kuranda, ubao unateleza mbele ya randa kama unakimbia deni. Kwa hiyo tangu mwanzo Evarist alikuwa akiwaomba wapita njia wakae juu ya ubao, mmoja huku, mmoja kule, utulie aurande, kisha anawapa kahawa. Wapita njia wakazoea. Halafu wakaacha kupita, wakawa wa kukaa.

Wenyewe ni watatu. Ta Josia alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri. Uzee wa kanisa amestaafu ila vikao hajastaafu, na wanamwita Sinodi. Bundala ni Msukuma aliyeuza dagaa visiwani miaka mingi, akaja kuoa hapa hapa Muleba; anaongea kana kwamba bado yuko ndani ya boti, kwa hiyo jina lake ni Injini. Wa tatu ni Paulo, anayejibu kila swali kwa simu ambayo mara nyingi haina bando. Huyo ni Gugo.

Asubuhi moja Evarist alifika na dawa ya benchi lake. Mhunzi alikuwa amempindia vipande viwili vya nondo, kila kimoja kina shingo kama ya mkongojo. Unatoboa tundu kwenye benchi, unachomeka nondo, unagonga kichwa chake kwa nyundo, na ile shingo inaukandamiza ubao hauendi popote. Hapo huhitaji tena makalio ya mtu. Yalibaki matundu tu, machache, na keke ya kutobolea alikuwa nayo, ile drili ya kuzungusha kwa mkono. Akachora misalaba ya chaki pale matundu yatakapokaa, akaingia ndani kutafuta mafuta ya kuilainisha keke. Alipotoka, misalaba haikuonekana. Ta Josia alikuwa ameikalia.

Na siku yenyewe haikuwa ya mchezo. Ma Edvina, anayejenga nyumba Kitendaguro kule Bukoba mjini, alikuwa amemletea mbao za mvule, za mti alioupanda marehemu baba yake shambani Buganguzi. Ni mti mmoja, hakuna mwingine. Mlango wa kwanza uliharibika: katikati ya kuranda, Injini aliruka kutoka kwenye ubao kwenda kulaki gari la dagaa, ubao ukaruka naye, randa ikachimba bonde ambalo hata kipofu angeliona. Ma Edvina alipitisha kiganja kwenye bonde lile, hakugomba. Alisema angerudi mchana wa siku hii. Akikuta ubao mmoja tu umenyooka, milango yote ya nyumba ni ya Evarist. Asipoukuta, anapakia mbao zake na kuzipeleka mjini kwenye mashine. Basi. Maneno yalikuwa hayo, na Evarist hakuwa amelala vizuri tangu ayasikie.

— Shikamoo, Ta Josia.

— Marahaba, mwanangu. Umechelewa leo. Sisi tumeshakaa.

— Naona, mzee wangu. Nilikuwa naomba nafasi kidogo hapo.

— Nafasi ipo tele, — Ta Josia akasogea upande wa kulia. — Njoo ukae.

Hebu fikiria ungekuwa wewe. Ta Josia ndiye aliyekwenda kumposea mke. Alikaa kwa wakwe siku nzima akivumilia maswali ya kila shangazi, akarudi na jibu la ndiyo. Mtu kama huyo humwambii shuka. Uhayani mzee akishakaa amekaa. Unamzunguka, unambembeleza, unamletea kitu cha kutafuna. Evarist akamletea kikapu kidogo cha akamwani, kahawa ile ya kutafuna, akitumaini kwamba mzee atakwenda kuitafunia kivulini. Ta Josia akakipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakiweka kwenye benchi, juu ya msalaba wa mwisho wa chaki uliokuwa bado unaonekana.

— Hiyo keke ya nini? — Injini akauliza, na ng'ombe upande wa pili wa barabara akageuka.

— Nataka kutoboa benchi.

— Kutoboa! Limekukosea nini?

— Halijanikosea. Nataka matundu ya kubania mbao. Hizi nondo zinaingia humo, zinashika ubao.

— Na sisi? — Gugo akainua macho kutoka kwenye simu.

— Ninyi mtapumzika, — Evarist alisema kwa upole. Wote watatu wakaanza kuongea kwa pamoja.

Ta Josia akanyoosha mkono. Akinyoosha mkono ni lazima msikilizane.

— Jamani, kwa utaratibu. Fundi ameleta hoja. Mimi siipingi hoja. Nauliza tu, tukitoboa, vikombe tutaweka wapi? Kikombe kitasimama juu ya tundu? Kahawa ikimwagika, nani atawajibika?

— Mzee, benchi si la vikombe.

— Sasa hivi lina vikombe vingapi?

Evarist akatazama. Vilikuwepo vyote.

— Achana na vikombe! — Injini akasema. — Mimi nimeishi na mbao majini, mniulize mimi. Ubao haupendi kutobolewa. Ukitoboa tundu moja, linaanza kuliita la pili, la pili linaliita la tatu, mwisho yanakutana. Nimeyaona kisiwani Goziba. Jamaa alitoboa boti aweke bolti. Tukafika katikati ya ziwa, boti ikapasuka katikati, nusu ikaenda upande wa Ukerewe, nusu ikaja Muleba.

— Na watu? — Gugo akauliza.

— Watu walifika wote.

— Walifikaje na nusu boti?

— Si nakwambia kila mtu alikaa kwenye nusu yake? Walipishana tu na mizigo. Mwenye dagaa kafika Ukerewe, dagaa zake zimefika Muleba. Kesi ile mpaka leo haijaisha.

— Ndugu yangu Bundala, — Evarist alisema, — benchi hili haliendi ziwani. Linakaa hapa kwenye vumbi.

— Ndiyo hayo hayo waliyosema wenye boti.

Jua likaanza kupanda. Evarist akaona ajaribu njia nyingine. Akasema jua litawaumiza wazee, na kwa Joanitha muuza kahawa kuna kivuli kizuri na mabenchi ya kukalia, ya kukalia kweli, si ya kazi. Yeye atagharamia.

— Wazo jema sana, — Ta Josia akasema. — Joanitha! Mwanangu Joanitha! Fundi anasema utuletee huku.

Joanitha akaja na birika na vikombe safi. Alimtazama Evarist aliyesimama na keke kifuani kama mtoto mchanga, akawatazama wale watatu, akacheka mpaka birika likatikisika.

— Fundi, si na wewe ukae basi? Naona kila mtu kakaa isipokuwa mwenye benchi.

— Nimesimama vizuri, Joanitha.

— Haya. Ukichoka kusimama vizuri, niite.

Akaondoka. Evarist akaitafuta chaki, akainama, akaomba kwa heshima zote kwamba Gugo ainue mguu kidogo achore upya. Gugo akainua mguu. Evarist akachora msalaba. Gugo akashusha mguu, msalaba ukaingia kwenye suruali. Injini akasogea ili kumpa fundi nafasi, akafuta mwingine. Ilikuwa hivyo kila upande. Walikuwa watu wema mno. Ukiomba nafasi wanasogea, wanakwenda kukaa pale pale ulipotaka kuhamia. Hakuna aliyekataa kitu.

— Subirini, subirini, — Gugo akasema, simu imefika usoni. — Hapa kuna mtu ameandika kwamba ubao una hewa ndani. Ukitoboa, hewa inatoka.

— Inatoka inaenda wapi? — Injini akauliza.

— Inaenda zake. Tatizo si inapokwenda. Tatizo ubao unabaki mwepesi. Sasa fikirini ule upepo unaopanda kutoka ziwani jioni. Benchi litanyanyuka.

— Benchi hili? — Evarist akaligonga kwa ngumi. Mkono ukauma. — Watu sita walilibeba kulitoa pale ndani!

— Kabla ya matundu, — Gugo akasema taratibu, kama anamwelewesha mwanafunzi mzito. — Ninyi mnabisha kwa sababu hamjasoma. Endeleeni, mimi nimefikisha.

— Umesoma mpaka mwisho? — Evarist akauliza.

— Bando limekatika kwenye utangulizi.

Mbao za Ma Edvina zilikuwa zimeegemezwa ukutani, nyekundu-kahawia, nzito, bado na alama za msumeno. Evarist akaenda akaigusa mojawapo. Mvule mzuri hivyo hupati kila mwaka. Aliona kabisa jinsi ungetoka chini ya randa, maranda marefu yanajikunja, uso unang'aa. Kazi yenyewe haikuwa ndefu. Angeianza asubuhi angekuwa ameshamaliza, amekaa, ananywa kahawa yake kama binadamu wengine. Akarudi kwenye benchi na sauti yake ikawa imepanda kidogo bila yeye kutaka.

— Wazee wangu, nawaomba. Ma Edvina anakuja mchana. Asipokuta ubao umerandwa, anachukua mbao zote. Milango yote. Mnanielewa? Nyumba nzima!

— Tunakuelewa sana, — Ta Josia akasema, na uso wake ulikuwa na huruma ya kweli. — Ndiyo maana hatutaki uharakishe ukaharibu. Unataka matundu mangapi?

— Machache. Mstari mmoja huku, machache kule.

— Kwa nini mstari mmoja? — Gugo akashtuka. — Weka minne. Mistari minne, kila mstari matundu manane.

— Ya nini yote hayo?

Lakini Ta Josia alikuwa ameshaelewa. Macho yakamtoka.

— Bao, — akasema kwa sauti ya mtu aliyefunuliwa jambo. — Mwanangu, umebuni bao! Thelathini na mawili. Yapanue kidogo tu, yasiwe ya kupenya mpaka chini, yawe kama vibakuli, kete zikae. Hoja hii naiunga mkono.

— Mzee, yasipopenya nondo haitaingia.

— Nondo iingie kwenye bao? Itaharibu mchezo.

— Mimi siungi mkono! — Injini akapiga benchi, vikombe vikaruka. — Matundu thelathini na mawili? Kama moja tu limegawa boti, hayo yatagawa Kamachumu! Halafu bao lina wenyewe. Watakuja watu wa Muleba mjini, watakuja wa Bukoba, watakaa hapa, sisi tutakaa wapi?

— Watakaa zamu kwa zamu, — Ta Josia akasema. — Tutaweka utaratibu. Mwenyekiti, katibu.

— Na serikali itasema ni kamari, — Gugo akaongeza. — Watalifunga benchi kwa utepe. Fundi atakamatwa.

— Nani atanikamata? — Evarist alikuwa karibu kulia. — Kwa sababu gani? Nimetaka matundu ya kubania mbao! Mbao! Haki ya Mungu, mimi ni seremala!

— Usipandishe hasira, mwanangu, — Ta Josia akampigapiga begani. — Tunaujenga mradi wako. Hebu tulia tupige kura. Wanaotaka thelathini na mawili?

Ta Josia na Gugo wakainua mikono.

— Wasiotaka hata moja?

Injini akainua yote miwili, akasema mmoja ni wa marehemu wa ile boti.

— Ulisema walifika wote! — Gugo akasema.

— Walifika. Wakafa baadaye, uzee.

Katikati ya kubishana kama mkono wa marehemu unahesabika au hauhesabiki, pikapu nyeupe ikapunguza mwendo, ikasimama mbele ya kibanda. Aliteremka Ma Edvina, kitenge kimefungwa vizuri kiunoni, viatu vina tope la shambani Buganguzi. Dereva alibaki ndani. Mama yule si mtu wa makelele. Aliwasalimia wazee kwa Kihaya, akapiga magoti kidogo mbele ya Ta Josia kama inavyotakiwa, akaulizia afya ya kila mmoja, halafu akatazama ukutani. Mbao zake zilikuwa pale pale alipoziacha.

— Fundi, ubao wangu wa kuonyesha uko wapi?

— Bado, mama. Sijauranda.

— Umeugua?

— Hapana, sijaugua. Benchi, mama. Nilikuwa nataka kutoboa benchi kwanza, liwe linabana, ubao usije ukaruka kama siku ile. Nondo hizi hapa, zimeshapindwa. Keke hii hapa. Nilikuwa tayari tangu asubuhi.

Ma Edvina akazishika nondo, akazipima uzito mkononi, akainamisha kichwa kuonyesha kwamba ameelewa.

— Vizuri. Na nani alikukataza kutoboa?

Aliuliza tu, bila ukali, kama mtu anayeulizia njia. Evarist akafungua kinywa ataje jina. Akamtazama Injini. Injini alikuwa amesimulia habari za boti, hakuwa amesema usitoboe. Akamtazama Gugo. Gugo alikuwa anaipangusa simu yake kwa kola ya shati. Akamtazama Ta Josia, na Ta Josia akamtazama yeye, kwa macho ya mtu ambaye naye anangojea jibu. Asubuhi nzima hakuna aliyemkataza, hata mmoja. Walitoa ushauri, wakaunga mkono hoja, wakasogea kila alipowaomba.

— Nakuuliza kwa wema, fundi. Yupo aliyekukataza?

Injini akakohoa, akageukia upande wa barabara.

— Haya, — Ma Edvina akasema. — Mimi sina ugomvi na mtu. Lakini baba hatapanda mti mwingine. Dereva, rudisha gari nyuma tupakie.

Na hapo, jamani, ndipo waliposhuka. Wote watatu, kwa mara moja, kwa sababu mwanamke wa heshima hawezi kubeba mbao wanaume wamekaa wanamtazama. Ta Josia alishuka wa kwanza, akakunja mikono ya shati. Injini akashika upande wa mbele, Gugo akaelekeza, shusha, inua, angalia kioo, njoo kwangu. Walifanya kazi vizuri ajabu. Walizipanga mbao zile bila kuikwaruza hata moja, wakaweka magunia katikati zisisuguane, Ta Josia mwenyewe akafunga kamba na kuivuta mara mbili kuhakikisha. Kila walipoinama, misalaba ya chaki ilionekana kwenye makalio ya suruali zao. Evarist hakubeba kitu. Alisimama na keke yake, machozi ya hasira yamemjaa, na hakujua amkasirikie nani.

Ma Edvina akamshika mkono, akamwambia pole, akasema kazi nyingine ikitokea atamkumbuka. Pikapu ikapanda kilima ikiyumba kwa uzito, ikashika barabara ya Bukoba.

Wakarudi wakijipangusa vumbi. Ta Josia akapanda benchi, akatafuta kikombe chake.

— Mama mwenye adabu sana yule, — akasema.

— Ila kauliza swali zito, — Injini akasema, kwa sauti ya chini ambayo hawakuwahi kumsikia nayo.

— Zito kivipi? Mimi sikumkataza mtu. Evarist, mwanangu, nilikukataza?

— Hapana, mzee. Hukunikataza.

— Si unaona? — Ta Josia akawageukia wenzake, ameridhika. — Mimi mtu mzima bwana. Angeniambia shuka, ningeshuka.

Evarist alimtazama muda mrefu. Aliona mvi za mzee, aliona mikono iliyotoka kufunga kamba, alikumbuka siku nzima ile kwa wakwe.

— Ta Josia.

— Naam, mwanangu.

— Shuka.

Ta Josia akashuka. Hakununa, hakuuliza, alishuka tu kama mtu aliyeombwa asogeze chumvi mezani. Injini akashuka, Gugo akashuka, wakasimama pembeni na vikombe vyao wakingoja kuona. Benchi lote lilikuwa wazi, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Evarist akaweka ncha ya keke juu ya ubao wa benchi, akashindwa kuizungusha, kwa sababu ilikuwa rahisi hivyo tangu asubuhi, neno moja tu, na sasa mbao zilikuwa njiani kwenda Bukoba.